Mawakala wa Ngazi na Tochi

Kulipopambazuka siku ya uchaguzi, Mwalimu alikuwa amesimama juu ya kiti darasani kwake, anafunika picha mbili ukutani kwa karatasi nyeupe. Chati ya herufi aliyowachorea watoto wa darasa la kwanza ilikuwa na picha kwa kila herufi, na kwa bahati mbaya N ilikuwa ni Ngazi na T ilikuwa ni Tochi. Ngazi na Tochi zilikuwa pia alama za vyama viwili vikubwa. Mwalimu alikuwa msimamizi wa kituo hicho cha kupigia kura, na hakutaka mtu yeyote aje kumwambia kwamba ukuta wake una chama.

Muda wa kufungua ulipofika, aliinua sanduku la kura, akaligeuza juu chini mbele ya mawakala wa vyama, karani wa wino na askari wa mlangoni.

"Mmeona wenyewe," alisema kwa sauti ya mtu anayeapa. "Ni tupu."

"Tumeona," wakajibu.

Kisha akafungua mlango kuwakaribisha wapiga kura, na uwanja nao ulikuwa mtupu.

Uchaguzi uliopita, foleni ilitoka hapo mlangoni, ikapita getini, ikazunguka kituo cha mafuta na kuishia karibu na duka la mikate. Mama mmoja alishikwa na uchungu akiwa kwenye foleni hiyo. Watu wakampisha mbele, akapiga kura kwanza ndipo akaenda kujifungua. Safari hii aliyekuja wa kwanza alikuwa paka. Alivuka uwanja bila haraka, akachungulia ndani, akaenda zake.

"Huyo hajajiandikisha," alisema askari.

Karani akacheka. Mawakala wawili hawakucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake acheke kwanza.

Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na masikio, mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule. Wakala wa Ngazi alikuwa Fundi Bomba, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa na sauti ya upole. Hakukuwa na jiko mtaani ambalo hajawahi kulala chini ya sinki lake. Aliishi peke yake tangu mkewe alipohamia mji mwingine na mume mwingine, habari ambayo siku hizi aliisimulia mwenyewe kwa kicheko. Wakala wa Tochi alikuwa Mama Picha, mjane mwenye binti mmoja chuoni. Alikuwa na studio ndogo nyuma ya shule, yenye pazia la buluu na kioo cha kujitengenezea nywele, na kila kitambulisho cha mtaa ule kilianzia mbele ya pazia hilo.

Zamani walikuwa marafiki. Kila Jumamosi Fundi alipitia studio, akakaza hiki na kulegeza kile, akapewa chai, wakapiga soga mpaka watu wakaanza kumwita shemeji. Ukaja uchaguzi. Fundi alisimama na Ngazi kwa sababu Mheshimiwa, mbunge wao, alikuwa Ngazi. Mama Picha alisimama na Tochi kwa sababu Mpinzani alikuwa Tochi. Wakabishana kwa utani, baadaye bila utani, na siku ya kuhesabu kura Fundi akamwita Mama Picha kibaraka mbele ya watu. Mama Picha naye akamjibu kwamba kulala chini ya masinki kumemlowesha ubongo. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Miaka mitano ikapita. Kampeni zilipokaribia tena, Mheshimiwa akahama Ngazi akaingia Tochi. Wiki hiyohiyo Mpinzani akahama Tochi akaingia Ngazi. Walipishana mlangoni, watu walisema, na mmoja akamshikia mwenzake mlango. Ikazunguka kwenye simu picha yao wakila pamoja hotelini, wakicheka mpaka magego yanaonekana. Hapo ndipo mtaa ulipochoka. Hakuna aliyeandamana wala kutukana. Watu walitazama picha ile, wakasema, "Haya," wakaendelea na shughuli zao. Kwenye mikutano ya kampeni wakabaki wapiga muziki, na mwenye kukodisha viti aliyekuwa anasubiri viti vyake.

Hata mawakala walikosekana. Mwenyekiti wa tawi la Ngazi alipita nyumba kwa nyumba akipewa visingizio, mpaka akamnasa Fundi chini ya sinki, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia. Mama Picha alikubali uwakala wa Tochi mara ya kwanza alipoombwa, jambo lililowashangaza wengi. Kwa hiyo asubuhi hiyo Fundi alikuwa analinda kura za Mpinzani, mtu aliyekuwa akimtukana miaka mitano, na Mama Picha analinda za Mheshimiwa, mtu aliyekuwa akimzomea hadharani.

Binadamu wa kwanza kufika alikuwa Bibi wa Kona, bibi kizee aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya kona. Alikuwa amejipamba: gauni la kutokea, mkufu, viatu vya kamba. Alisimama katikati ya uwanja akageuka huku na huku.

"Foleni iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna foleni, bibi," Mwalimu alimjibu kwa furaha. "Karibu, pita moja kwa moja."

"Hakuna foleni?" Uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika harusini akakuta viti vinapakiwa kwenye gari. "Mwanangu, unafikiri viatu hivi nimevaa kwa ajili ya nani? Mimi kura napiga, lakini nakuja kwa ajili ya foleni. Kwenye foleni ndiko ninakojua nani kahama, nani kaolewa, nani sukari imempanda. Nyumbani nani ataniambia?"

Alipiga kura yake taratibu, akapakwa wino, akaupuliza ukauke. Kisha akatoka akaketi barazani kwenye benchi la askari, chini ya dirisha.

"Bibi, umemaliza. Unaweza kwenda," askari alimwambia.

"Naingojea ije."

Haikuja. Alikuja mwoka mikate, mikono bado na unga. Wakaja mume na mke waliokuwa wakielekea kwingine. Baada yao kimya, na katika kimya kile sauti moja ikaanza kusikika: twa... twa... twa. Ilikuwa bomba la nje, la watoto kunawia mikono, linavuja.

Fundi alivumilia kama mtu anayezuia chafya. Akasugua magoti. Akatazama dari. Mwishowe akainuka.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikaliangalie lile bomba."

Mwalimu akafungua kitabu cha mwongozo, akapitisha kidole. "Wakala haruhusiwi kufanya kampeni, kubeba silaha wala kulewa," alisoma. "Bomba halikutajwa. Nenda, lakini usivue beji."

Nje, Fundi alifungua kichwa cha bomba kwa vidole vyake vikubwa na kukuta mpira wa ndani umelika. Begi lake la vifaa lilikuwa nyumbani. Alisimama akinung'unika peke yake, na mara mkono ukatokea dirishani, umeshika mpira wa kubania nywele.

"Utafaa?" aliuliza Mama Picha.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha tangu ule ugomvi. Fundi alijikuta amesahau kinachoulizwa.

"Utafaa," alisema hatimaye.

Aliukata kwa meno, akaukunja, akaufunga mahali pake. Bomba likanyamaza. Aliporudi ndani alisimama mbele ya kiti cha Mama Picha, mikono inachuruzika maji.

"Asante."

"Bomba ni la watoto. Sikukupa wewe." Lakini pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imepanda.

Muda si mrefu akatoa chupa ya chai mkobani. Akatazama upande wa Mwalimu. "Kuna kifungu kinachokataza chai?"

"Hakuna," alisema Mwalimu, naye akasogeza kikombe chake.

Mama Picha alimmiminia Mwalimu, akamimina chai nyingine kwenye kifuniko cha chupa, akakaa nacho mkononi bila kunywa. Kisha akavuka chumba akampelekea Fundi. Akarudi kuchukua kiti chake, akakiweka karibu na cha Fundi.

"Nilisikia ulimwita fundi mwingine," alianza Fundi, akiitazama chai.

"Usinikumbushe. Alikuja kurekebisha bomba moja, akaniachia studio ya kuogelea. Pazia langu lilikuwa linaelea!"

"Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita na mdomo upi? Huu uliosema ubongo wako umelowa?"

Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Na mimi nilikwenda kupiga picha ya leseni mjini, kwa jamaa mmoja kule stendi. Hebu ona."

Akamwonyesha leseni. Mama Picha akaisogeza kwenye mwanga kama anavyokagua kazi yake, akaziba mdomo.

"Fundi! Huyu mtu anatafutwa!"

"Askari wa barabarani wakinisimamisha, wananitazama mimi, wanaitazama leseni, wanaitana."

Walicheka wote wawili mpaka Mwalimu akagonga meza. "Ndugu mawakala! Kituoni panatakiwa utulivu."

"Utulivu umezidi, Mwalimu," alisema karani. "Mimi wino wangu unakauka."

Kicheko kilipokwisha, Fundi aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulijua nitakuwa hapa?"

"Nani hakujua? Mwenyekiti wenu alitangaza mtaa mzima kwamba amekupata."

"Ndiyo maana ukakubali?"

Mama Picha alikichukua kile kifuniko kilichobaki na chai kidogo, akakizungusha. "Nilichoka kupitia njia ya nyuma, Fundi. Kila nikiona baiskeli yako barabarani, nazunguka nyuma."

"Na mimi nikiona studio iko wazi, nazunguka nyuma."

"Kumbe ndiyo sababu tulikuwa tunakutana kulekule!"

Simu ya Mama Picha ikatetemeka mkobani. Alipoona ni nani, akatoka mlangoni kuipokea, kama sheria inavyotaka.

"Hali ya kituo ikoje?" iliuliza sauti ya Mheshimiwa, kwa nguvu kiasi cha askari na Bibi wa Kona kusikia.

"Shwari kabisa, Mheshimiwa. Hakuna fujo."

"Vizuri. Na watu?"

"Ndiyo nakwambia, hakuna fujo."

Mheshimiwa hakuelewa mpaka alipofika mwenyewe. Alikuwa amejiandikisha kwenye kituo hicho, kwa kuwa nyumba ya wazazi wake ilikuwa mtaa huo. Gari lake kubwa liliingia uwanjani na kusimama peke yake kama limepotea njia. Akashuka akiwa na mpiga picha na msaidizi aliyevaa suti. Mheshimiwa alikuwa ameshainua mkono kuwapungia watu, na kwa kuwa hawakuwepo, akautumia kurekebisha kofia.

Msaidizi alimnong'oneza Mwalimu, "Tunahitaji picha ya Mheshimiwa kwenye foleni. Kama mngejipanga kidogo ninyi..."

"Sisi ni wafanyakazi wa kituo," alisema Mwalimu kwa ukali. "Hatujipangi."

"Mimi nitajipanga!" Bibi wa Kona aliruka kutoka kwenye benchi kama msichana, akasimama nyuma ya Mheshimiwa. "Foleni ni foleni. Lakini kwanza niambie, mwanangu, leo wewe ni nani? Ngazi au Tochi? Nisije nikakusalimia kwa jina la jana."

Mpiga picha alishusha kamera kuficha kicheko. Mheshimiwa alicheka pia, kicheko chake cha mikutano, lakini kikafika nusu kikakatika. Akaingia ndani, akatazama darasa lililo kimya, akawageukia mawakala.

"Hivi watu wako wapi?" aliuliza. Safari hii ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaka kujua.

Mwalimu akainua kidole. "Humu ndani hakuna kampeni."

"Hii si kampeni, Mwalimu. Ameuliza majirani zake," alisema Fundi. Akasimama kutoka kwenye kile kiti kidogo, jambo lililochukua muda. "Watu wako nyumbani, Mheshimiwa. Kuna anayefua, kuna anayelala. Hawajakasirika. Wangekuwa wamekasirika wangekuja, na ungewakuta hapa tangu alfajiri."

"Sasa tatizo nini?"

"Mimi nilikuwa wakala wako uchaguzi uliopita. Unanikumbuka?"

Mheshimiwa alimtazama, akatafuta, hakupata.

"Si kitu. Siku ile, kwa ajili yako, nilimtukana huyu mama mbele ya watu. Alikuwa rafiki yangu. Miaka mitano hatukusemeshana, kwa ajili yako. Kisha nikaiona ile picha yako na mwenzako mnakula."

"Aa, yule!" Mheshimiwa alipumua kama aliyetuliwa mzigo. "Yule tumesoma naye. Hatuna ugomvi wowote, ndugu yangu. Ilikuwa siasa tu."

Hata askari aligeuza shingo.

"Kwenu ilikuwa siasa," alisema Mama Picha polepole. "Kwetu studio ilijaa maji."

Mheshimiwa hakuelewa habari ya maji, lakini uso wa Mama Picha aliuelewa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alionekana mara moja kama kijana wa mtaa huo, aliyepata kutumwa dukani na nusu ya watu waliokuwa humo ndani.

"Hili hakuna aliyeniambia," alisema.

"Hukuwahi kuuliza ukiwa huna kipaza sauti," alijibu Mama Picha.

Mheshimiwa akapiga kura yake, akapakwa wino, akaondoka bila picha. Msaidizi alikuwa amesahau.

Bibi wa Kona alikuwa amesikia yote kupitia dirishani, na sasa benchi lilikuwa linamchoma. Hakuwa tena mtu wa kungojea habari. Habari alikuwa nayo mwenyewe. Akafunga vizuri kamba za viatu, akamwambia askari amlindie nafasi yake, akashika njia. Alianzia saluni. Kutoka saluni akaenda gereji, kutoka gereji duka la dawa, na kote alisema maneno yaleyale: Fundi Bomba amemwambia Mheshimiwa ukweli machoni, na zaidi ya hilo, zaidi kabisa ya hilo, Fundi Bomba na Mama Picha wanakunywa chai kwenye chupa moja.

"Wanasemeshana?" aliuliza msusi, kitana hewani.

"Kiti kwa kiti, mjukuu wangu. Na nywele za Mama Picha zimefumuka."

Kampeni za miezi miwili, pamoja na magari ya matangazo na kofia za bure, hazikuwa zimeutikisa mtaa ule. Habari hii iliutikisa. Msusi alifika wa kwanza, na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa. Wakafuata watu wa gereji. Wote walikwenda moja kwa moja dirishani kuchungulia.

"Haruhusiwi mtu kuchungulia kituo!" Mwalimu alitoka mbio. "Humu haingii mtu wala macho yake, isipokuwa mpiga kura!"

Watu wakatazamana.

"Basi tunapiga," alisema msusi. "Foleni inaanzia wapi?"

Bibi wa Kona, aliyekuwa amerudi akihema, alijibu kabla ya yeyote. "Inaanzia kwangu."

"Bibi, wewe umeshapiga," askari alimkumbusha.

"Sipigi. Nasimama tu."

Ikawa foleni. Haikufika kituo cha mafuta, lakini ilifika getini, na ilikuwa na kelele zote za foleni. Kila aliyeingia alimsalimia Fundi, "Shemeji, hujambo?" na masikio ya Fundi yakapata moto. Fundi wa magari alinyoosha kidole cheusi kwa oili, na karani akakosa pa kupaka wino; ikabidi aende kunawa kwenye bomba, akalisifu kwamba halivuji.

Na kwa kuwa watu walikuwa pamoja kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, walianza kuzungumza. Hawakuzungumza habari za Mheshimiwa wala Mpinzani. Walizungumzia mtaro uliokuwa ukiziba kila mvua, na yule mama aliyekuwa akiwakusanya majirani na majembe kuuzibua, mpaka wakamwita Mama Mtaro. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba Mama Mtaro anagombea udiwani. Hakuwa na chama wala bango. Alama yake kwenye karatasi ilikuwa ndoo.

"Eti ni kweli yumo?" aliuliza mwenye duka la dawa.

"Hakuna kampeni kwenye foleni!" alipaza Mwalimu.

Wakanyamaza. Kisha msusi akatazama mawingu. "Mwaka huu mvua itakuwa kubwa, jamani. Afadhali mtu awe na ndoo."

"Ndoo muhimu sana," mwenzake akaitikia.

"Hakuna kutaja ndoo!"

Wakati huohuo askari, kwa moyo mwema, alitokea nyuma ya darasa amebeba maji ya kunywa kwa ajili ya watu wa foleni. Alikuwa ameyabeba kwenye ndoo. Watu walivunjika mbavu, na Mwalimu akamwamuru airudishe alikoitoa na kuifunika na gunia.

Jua lilipoanza kulegea, foleni ilikuwa imepungua. Mwalimu aliwageukia mawakala. "Na ninyi je? Majina yenu yamo kwenye daftari na hayajawekewa alama."

Fundi aligusa beji yake kifuani.

"Nimekuja kulinda kura," alisema Fundi. "Kupiga sikukusudia."

"Mimi vilevile," alisema Mama Picha. "Sikutaka hata mmoja wao afikiri nimesahau."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Siku nzima alikuwa amesema kwa kitabu cha mwongozo. Sasa alisema kama mtu. "Karatasi ni zaidi ya moja. Si lazima mzipende zote."

Mama Picha aliinuka kwanza. Fundi alimfuata. Nyuma ya kisanduku cha kuficha kura, aliitazama karatasi ya ubunge: nyuso mbili zinazotabasamu, alama zimebadilishana. Aliitafutia hasira yake ya miaka mitano, akakuta haipo. Akaikunja ikiwa safi kama alivyopewa. Kisha akafungua ile ya udiwani, akaweka alama moja, akaikandamiza vizuri, asije mtu akasema haionekani. Alipotoka, Mama Picha alikuwa ameinua kidole chake chenye wino, anakitazama kwenye mwanga.

"Nimetiwa wino mpaka kwenye ukucha," alilalamika. "Nitawapigaje watu picha na kidole hiki?"

"Hakitokei kwenye picha."

"Wewe utajuaje? Wewe unapiga picha kule stendi."

Waliohesabu kura jioni walikuwa walewale, sasa wamekaa meza moja. Kura za ubunge zilizoharibika zilikuwa nyingi kuliko Mwalimu alivyowahi kuona. Nyingine hazikuandikwa kitu. Nyingine zilikuwa na maoni, na Mwalimu akazisoma kwa sauti ileile ya kuapa. Mmoja alikuwa amechora mlango katikati ya wagombea wawili na kuandika chini, "Pishaneni tena."

"Hii ya nani?" aliuliza Mwalimu. "Ngazi au Tochi?"

"Yetu sote," alisema Mama Picha, akaiweka upande wa zilizoharibika.

Mheshimiwa alishinda ubunge. Alishinda kwa kura chache kuliko wakati wowote, lakini alishinda, na redioni akawashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi. Si kweli. Hata kwenye kituo cha Mwalimu, pamoja na foleni yake, waliopiga hawakufika nusu ya waliojiandikisha, na vituo vya jirani vilirudisha vitabu vizima vya karatasi za kura ambavyo havikufunguliwa. Udiwani ulikwenda kwa Mama Mtaro, kwa kura za kushangaza, na watu wa vyama vyote viwili wakabaki wanaulizana ametokea wapi. Kesho yake alionekana kwenye mtaro na jembe kama kawaida. Aliyempongeza alipewa jembe la pili.

Mheshimiwa hakubadilika ghafla, nisikudanganye. Lakini miezi michache baadaye alikuja bila gari la matangazo, akakaa studio kwa Mama Picha kupiga picha ya pasipoti, na wakati wa kurekebishwa kola akauliza, kwa sauti ndogo, watu wanasemaje siku hizi. Mama Picha alimjibu kwa kirefu. Kwa kuwa alikuwa amemwambia asitikisike, ilibidi asikilize mpaka mwisho.

Kufikia hapo Fundi alikuwa amerudia Jumamosi zake, kisha Jumatano, kisha hakukuwa na haja ya kuhesabu siku, maana walifunga ndoa. Bibi wa Kona alishona gauni jipya na kumwambia kila mgeni kwamba ndoa hii aliianzisha yeye, na hakuna aliyembishia.

Wanaishi nyumbani kwa Mama Picha, juu ya studio, na bado wanabishana. Mwezi uliopita walibishania rangi ya mlango. Fundi alitaka kijani, mkewe alitaka ya kahawia, na kila mmoja akanunua kopo lake bila kumwambia mwenzake. Binti alipofika kutoka chuoni kwa likizo, aliwakuta wamesimama ngazini na makopo mawili.

"Amua wewe," alisema mama yake. "Sisi tumegawanyika."

"Mimi simo, mama. Mimi mambo ya kuchagua nimeyaacha."

"Kwani wewe mlango huu hutaupita?" Fundi alimuuliza. Hakumwambia kwa ukali. Alimwambia huku akimpa brashi.

Binti aliishika ile brashi, akawatazama wote wawili, akacheka. Kisha akachuchumaa, akafungua makopo yote mawili, akaanza kuzijaribu rangi kwenye ubao wa chini kabisa, moja kando ya nyingine.